Dole na Deni: Kutoka Hooghly hadi Katesh

Chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake kinapindukia mita 3,400, umekaa mji wa Katesh, kwenye barabara itokayo Babati kwenda Singida. Ndio makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ambayo zama za ukoloni ilikuwa sehemu ya Mbulu, na ambayo tangu 2002 imo katika Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha. Hapo hukutana Wairaqw wenye mashamba, Wabarbaig wenye ng'ombe, Wanyaturu wa jirani, na wachuuzi wa kila pembe waliofuata mahindi, maharage, ngano na mnada wa mifugo. Mahali penye riziki ya msimu hapakosi mkopo. Fedha huhitajika wakati wa kulima, nazo hupatikana wakati wa kuvuna. Kati ya nyakati hizo mbili iko miezi ya kungoja, na anayeijaza miezi hiyo ni mkopeshaji.

Karatasi ya mkopo wa namna hii haina fahari. Aghalabu huwa ni ukurasa uliochanwa katika daftari la shule: tarehe, jina la mkopaji, kiasi cha fedha au idadi ya magunia, siku ya kulipa, majina ya mashahidi, pengine na mhuri wa ofisi ya kijiji; na chini kabisa, penye nafasi ya sahihi, doa la wino lenye umbo la yai. Hilo ndilo dole. Siku ya kulipa ikipita, karatasi hupelekwa mahakamani, na huko ndiko husikika maneno ambayo makarani wa mahakama za Tanzania, wala si za Katesh peke yake, wameyaandika mara nyingi: "Dole hili si langu."

Maneno hayo manne yanaonekana mepesi, lakini yamebeba historia ndefu iliyovuka bahari. Wengi hudhani kwamba alama za vidole zilizaliwa katika uchunguzi wa mauaji na wizi, kama zinavyoonekana katika filamu. Sivyo. Zilizaliwa katika mapatano ya biashara, na aliyezitumia kwanza alikuwa na hofu moja tu, nayo ni ile ile ya mkopeshaji wa Katesh: kwamba kesho mwenzake atakana.

Mtu huyo alikuwa William James Herschel, mjukuu wa yule mnajimu aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Alikuwa kijana wa miaka 25, mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Jungipoor, Bengal, mwaka mmoja tu baada ya maasi makubwa ya 1857. Mnamo Julai 1858 alifanya mapatano na mfanyabiashara wa hapo, jina lake Rajyadhar Konai, amletee kokoto za kutengenezea barabara. Konai alikuwa tayari kutia sahihi yake kama walivyofanya wafanyabiashara wote. Herschel akamzuia, akampaka kiganja kizima wino wa mafuta uliotumika kwa mhuri wa ofisi, akakikandamiza nyuma ya karatasi. Miaka mingi baadaye, katika kitabu kidogo alichokitoa mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alikiri mwenyewe kwamba siku ile hakuwa na elimu yoyote ya mistari ya ngozi. Alitaka tu kumtisha Konai asije akaikana sahihi yake.

Hapa pana jambo linalofaa kutazamwa kwa makini. Mkono wa kwanza uliopakwa wino katika historia hii haukuwa mkono wa mtu asiyejua kutia sahihi. Alijua. Aliyepaka wino ndiye aliyeona kwamba neno la mtu yule, hata likiandikwa, halitoshi. Tangu siku ya kwanza, basi, dole lilikuwa chombo cha shaka ya mwenye nguvu juu ya asiye na nguvu. Sayansi ilikuja nyuma yake, ikachechemea.

Miaka miwili baadaye Herschel alipelekwa kuwa hakimu wilaya ya Nadia, na huko akakuta moto. Bengal ya 1859 na 1860 iliwaka kwa sababu ya nili, mmea utoao rangi ya buluu. Mabepari wa Kizungu walikuwa wakiwapa wakulima arubuni, kidogo tu, na kwa arubuni ile mkulima akafungwa kupanda nili katika sehemu ya shamba lake kwa bei isiyomlipa. Hesabu haikuisha; deni la baba liliwangoja wana. Wakulima walipogoma, mabepari walikimbilia mahakamani na mafungu ya karatasi za mapatano, na sheria ya mwaka 1860 iliwapa mahakimu uwezo wa kuyatekeleza mapatano hayo kwa haraka. Wakulima wakasema hawakuyafanya. Herschel aliona kwamba karatasi za kughushi zilikuwa nyingi, akapendekeza kwa wakubwa wake kwamba mapatano yote ya nili yatiwe alama ya kidole, ili mkulima asiweze kukana na tajiri asiweze kubuni. Pendekezo lake halikufuatwa. Lau lingefuatwa, pengine karatasi za uongo zingepungua. Lakini arubuni isingeongezeka hata kwa pesa moja, na bei ya nili isingepanda.

Mwaka ule ule wa 1860 Dinabandhu Mitra aliandika tamthilia yake ya Nil Darpan, yaani kioo cha nili, kuwaeleza walimwengu hali hiyo. Ilipofasiriwa kwa Kiingereza, kazi ambayo husemwa kuwa ilikuwa ya mshairi Michael Madhusudan Dutt, mmisionari James Long aliyesimamia uchapaji wake alishitakiwa na mabepari mwaka 1861, akatozwa faini ya rupia 1,000 na kufungwa mwezi mmoja. Jina la mfasiri halikuwekwa kitabuni, na bila shaka halikusahauliwa kwa bahati mbaya.

Herschel aliendelea na majaribio yake kimyakimya, akikusanya alama za watu wale wale mwaka baada ya mwaka ili aone kama mistari hubadilika. Haikubadilika. Alipokuwa hakimu wa Hooghly mwaka 1877 aliamuru alama za vidole zitumike kwa wapokeaji wa pensheni, kwa wafungwa, na katika ofisi ya kusajili hati, ambako mtu aliyeuza au kukopa aliweka dole lake mbele ya msajili. Hiyo ya mwisho ndiyo babu ya karatasi ya Katesh. Yaliyofuata yanajulikana zaidi na hayahitaji kukawilishwa: barua ya daktari Henry Faulds aliyekuwa Tokyo, iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1880; kitabu cha Francis Galton cha 1892; na ofisi ya alama za vidole iliyofunguliwa Calcutta mwaka 1897 chini ya Edward Henry. Mfumo wa kuzipanga alama hizo unaitwa hadi leo kwa jina la Henry, ilhali hesabu na mpangilio wake ulitokana kwa sehemu kubwa na maofisa wawili Wabengali, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mwaka 1899 Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ilirekebishwa ili rai ya mjuzi wa alama za vidole ikubaliwe mahakamani kama ilivyokubaliwa rai ya mjuzi wa mwandiko.

Sheria hiyo ndiyo iliyopanda meli ikaja huku. Waingereza waliitumia Sheria ya Ushahidi ya India katika Unguja na Pemba, katika Kenya, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza katika Tanganyika. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mkulima wa Bengal ndiyo iliyomhukumu mkulima wa karafuu wa Wete na mfugaji wa Hanang.

Lakini pwani hii haikuwa nchi tupu isiyojua kuandika deni. Karne ya kumi na tisa yote, baina ya Maskati, Unguja na Bombay, mali ilikwenda kwa waraka. Mwanahistoria Fahad Bishara, katika kitabu chake cha 2017 juu ya madeni ya Bahari ya Hindi, ameonyesha jinsi nyaraka hizo zilivyoandikwa na makatibu waliojulikana, zikataja deni, muda wake na shamba au nyumba iliyowekwa rehani kwa njia ya bei ya hiari, ambayo ni kuuza kwa sharti la kukomboa. Nguvu ya waraka ilikuwa katika watu: katibu ni nani, na mashahidi ni nani. Karatasi ilikuwa kumbukumbu ya ushahidi wao.

Asili ya utaratibu huo ni aya ya deni katika Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani. Inaamuru deni la muda liandikwe, inamtaka mwandishi awe mwadilifu, na inataka mashahidi. Ndani yake lipo sharti moja ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: anayetakiwa kuyatoa maneno ya kuandikwa ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mkopaji mwenyewe, na ikiwa ni dhaifu au hawezi kuyatoa, basi msimamizi wake ayatoe kwa uadilifu. Mwenye kudaiwa ndiye asemaye deni lake. Karatasi ya dole imepindua mpango huo juu chini. Mkopeshaji, au karani wake, ndiye anayetunga maneno. Mkopaji hutoa kidole tu.

Haina maana kwamba pwani ya kale ilikuwa pepo ya wadeni. Mashamba mengi ya karafuu yalikwenda kwa njia hiyo hiyo ya rehani, na ilipofika miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, madeni ya wenye mashamba yalikuwa yameitia serikali ya Unguja hofu. Amri za 1934 ziliwazuia Waarabu na Waafrika kuhamisha ardhi yao kwa watu wengine bila idhini, na kusimamisha kwa muda ukusanyaji wa madeni. Ugomvi na wafanyabiashara wa Kihindi juu ya amri hizo na zilizofuata ukafika hadi India, ambako karafuu za Unguja zilisusiwa mwaka 1937.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Watawala wa Tanganyika, kama wenzao wa Kenya ambao walikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1903, waliweka masharti juu ya mkopo baina ya asiye Mwafrika na Mwafrika: deni lisiloandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali halikudaika mahakamani. Nia ilielezwa kuwa ni kumlinda mwenyeji asinyonywe. Yamkini wako waliolindwa. Hata hivyo mwenye duka hakuacha kukopesha. Aliacha kwenda mahakamani. Alidai kwa njia nyingine: kwa mazao yaliyokabidhiwa kabla ya mavuno, kwa vitu vilivyowekwa rehani dukani, kwa haya ya mtu mbele ya majirani zake. Na mkulima mwaminifu aliyetaka mkopo wa halali, akanunue jembe la kukokotwa na ng'ombe, aliukosa kwa kuwa sheria ilikwisha kumhesabu kuwa mtoto.

Ama dole lenyewe, katika nchi hizi lilianza kuchukiwa kabla halijazoeleka. Kule Transvaal, sheria ya kuwataka Wahindi watoe alama za vidole ndiyo iliyomtoa Gandhi barabarani, na tarehe 16 Agosti 1908 vyeti vya usajili vilichomwa moto mbele ya Msikiti wa Hamidia, Johannesburg. Kenya, kipande kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 1919 kilikuwa na alama za vidole za mwanamume wa Kiafrika, kikavaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Nacho kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku. Mwaka 1947 sheria mpya ilipotaka watu wa kila rangi waandikishwe kwa alama za vidole, masetla walipiga kelele hata ikaundwa tume, na baadaye aliyeweza kujaza fomu yake kwa Kiingereza akaruhusiwa kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Kwa hiyo kalamu ikawa cheo. Mwenye sahihi ni bwana. Mwenye dole ni mtu wa kuchunguzwa.

Lugha yenyewe imeuhifadhi ubaguzi huo. Kiswahili kimeuita mwandiko wa jina la mtu "sahihi", yaani kitu kilicho kweli, kisicho na ila, kwa neno tulilopewa na Kiarabu. Dole halikupata heshima hiyo. Limebaki kuwa kidole kikubwa, tena chenye wino. Na ziko istilahi mbili nyingine zinazofaa kumsumbua kila afasiriye sheria. Mahakamani, afunguaye shauri la madai huitwa mdai, na anayeshitakiwa huitwa mdaiwa. Mitaani, mdai ni yule anayedai fedha zake, na mdaiwa ni yule mwenye deni. Mzee wa Kibarbaig anayeitwa kwa sauti mlangoni, "Mdaiwa aingie!", amekwisha kuambiwa kwamba anadaiwa kabla ya hakimu kufungua jalada. Lugha ya Kiingereza ina maneno manne kwa watu hao. Kiswahili kimetumia mawili, na gharama ya ubahili huo huangukia upande mmoja.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ilitungwa mwaka 1967, ikachukua nafasi ya ile ya India, ingawa mifupa ni ile ile. Kwa jambo linalozungumzwa hapa, mambo yake makuu ni haya. Yeyote atakaye mahakama impe haki inayotegemea jambo fulani, lazima alithibitishe jambo hilo. Ndicho kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kwa nambari 110. Hati inayodaiwa kuwa imetiwa sahihi na mtu fulani, ni lazima sahihi hiyo ithibitishwe kuwa ni yake. Mahakama yaweza kuilinganisha sahihi inayobishaniwa na nyingine iliyokubaliwa au kuthibitishwa, na ruhusa hiyo inahusu alama za vidole pia. Rai ya mjuzi hupokewa, lakini haimfungi hakimu; hakimu anatakiwa aelezwe sababu zake, azipime pamoja na ushahidi mwingine.

Hapo ndipo penye fundo. Mdaiwa anaposema "dole hili si langu", je, amekana tu, au amedai kwamba karatasi ni ya kughushi? Tofauti si ya maneno matupu. Akihesabiwa kuwa amekana, mzigo unabaki kwa mdai: alete mashahidi waliokuwapo, aombe alama zichukuliwe na kulinganishwa, athibitishe. Akihesabiwa kuwa amedai kughushiwa, anakutana na kanuni iliyowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1957 na kurudiwa na mahakama za Tanzania tangu hapo, kwamba tuhuma ya hila au ya jinai ndani ya shauri la madai huthibitishwa kwa kipimo kizito zaidi kuliko kile cha kawaida cha kuelemea kwa mizani. Mtu asiyejua kusoma, asiye na wakili, aliyeletewa karatasi asiyoitambua, ataambiwa: thibitisha kwamba imeghushiwa. Kwa kidole gani? Hili lazima lisemwe bila kupepesa: kukana si kudai. Aliyeleta karatasi ndiye anayesema kwamba dole ni la fulani. Na aanze yeye. Mdaiwa akizidisha, akasema fulani ndiye aliyeghushi, siku fulani, mahali fulani, hapo ndipo mzigo mzito unapoanza kumhusu.

Kulinganisha nako si kazi ya kukodoa macho mbele ya dirisha. Mistari ya kidole huumbika mtoto akiwa tumboni, na hata pacha wa yai moja hutofautiana. Huo ni ukweli usiotikisika. Lakini swali mbele ya mahakama halihusu kidole, linahusu doa. Wino ukizidi, mistari huzama. Kidole kikiteleza, huvutika. Jembe, chokaa na miaka sitini ya kazi husugua ngozi hata dole likawa kama jiwe la mtoni. Uingereza ilishika kwa miaka mingi kanuni ya kutaka nukta 16 za kufanana, kisha ikaiacha mwaka 2001 na kumwachia mjuzi atoe rai yake. Na wajuzi nao ni watu. Baada ya treni za Madrid kupigwa mabomu Machi 2004, wajuzi wa FBI walimtambua wakili mmoja wa jimbo la Oregon kwa alama ya kidole, akakamatwa. Polisi wa Hispania wakaonyesha kwamba alama ile ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na FBI ikaomba radhi. Ikiwa hilo liliwezekana kwa mashine zote zile, hakimu anayejilinganishia mwenyewe madoa mawili ya wino chini ya taa ya ofisini anapaswa kuogopa.

Mjuzi wa polisi hapatikani Katesh. Karatasi hupelekwa mbali, na safari hiyo ina gharama, kalenda ya kesi na hatari ya jalada kukawia. Kwa deni la magunia kumi ya maharage, gharama ya kumjua mwenye dole huweza kulikaribia deni. Kwa hiyo mashauri mengi ya aina hii huamuliwa kwa ile njia ya zamani, ya katibu na mashahidi. Nani aliandika? Nani alikuwapo? Fedha zilihesabiwa wapi? Uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1984, unaotajwa mara kwa mara, umeweka kwamba upande ulioacha kumleta shahidi muhimu bila sababu hujiletea dhana kwamba shahidi huyo angesema kinyume chake. Kanuni hiyo moja imeokoa na kuangamiza watu wengi kuliko nukta 16.

Watu wa Hanang wanaujua uzito wa kuthibitisha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, nyanda za Basotu walikolisha Wabarbaig zilichukuliwa kwa mashamba ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, hadi kufikia ekari zinazokaribia 100,000. Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua kesi mwaka 1981. Walishinda Mahakama Kuu, Arusha. Wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wote ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Kesi ile haikuwa ya deni wala ya dole. Lakini iliwafunza watu wa wilaya ile kwamba jambo ambalo kila jirani analijua laweza kukosa kuwapo, likikosa ushahidi.

Upo utetezi wa pili, mgumu kuliko wa kwanza, nao ni huu: "Dole ni langu, lakini sikuambiwa hivyo." Kwa utetezi huo mjuzi hana kazi. Mistari yote ikifanana, swali liko pale pale. Sheria ya Kiingereza ilikwisha kukutana nalo katika miaka ya 1580, katika kesi iliyoandikwa na Edward Coke: mwenye ardhi asiyejua kusoma aliletewa hati, akaambiwa kuwa inasamehe malimbikizo ya kodi tu, kumbe inatoa haki yake yote ya ardhi. Mahakama ikasema hati hiyo haimfungi, kwa kuwa alisomewa uongo. Uganda ilipata sheria maalumu ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia mtu wa namna hiyo hati yoyote ni lazima aandike humo jina lake kamili na anwani yake kama mwandishi, na kwa kufanya hivyo anachukuliwa kuwa amekiri kwamba aliagizwa, kwamba hati inaeleza yale aliyoagizwa, na kwamba ilisomwa na kufafanuliwa. Asomaye sheria hiyo huku anaikumbuka aya ya deni ataona jinsi mwandishi mwadilifu alivyorudishwa mahali pake. Ndiyo njia bora kuliko wino wote: kumfanya mwandishi awe na jina.

Kwa Hanang swali la kusomewa lina tabaka jingine. Karatasi ni ya Kiswahili. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti. Kwa wazee wengi, na hasa kwa wanawake wazee wa vijijini, Kiswahili ni lugha ya mnada na ya ofisi, wala si ya nyumbani. Kampeni ya kisomo iliyoanza na Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970, ilifanya kazi kubwa mno; serikali ilihesabu mwaka 1986 kwamba watu wazima zaidi ya asilimia 90 wanajua kusoma na kuandika. Lakini kujua kuandika jina si kujua kusoma riba, na aliyehesabiwa darasani mwaka ule huenda hajashika kalamu tangu siku ile. Kwa hiyo "alisomewa" ni neno linalohitaji maswali mawili zaidi: kwa lugha gani, na nani alifasiri? Mara nyingi aliyefasiri ni mtu wa mkopeshaji. Nayo mahakama, hadi mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, iliandika hukumu zake kwa Kiingereza kuanzia ngazi ya wilaya kwenda juu. Hivyo mzee akisema Kidatoga, karani akafasiri Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, kisha mzee akaja kusomewa alichosema.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na mikopo ya riba ya kukaba, ile ambayo watu wameibatiza "kausha damu", imekuwa ikikemewa bungeni na magazetini. Dole nalo limehama kutoka kwenye karatasi. Laini za simu zilipoandikishwa upya kwa alama za vidole, zoezi ambalo tarehe yake ya mwisho ilisogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, kila mwenye simu alikwenda kubonyeza kioo cha mashine. Wazee ambao vidole vyao vimelika walibonyeza mara tatu, mara nne, wakafuta jasho kwenye nguo, wakabonyeza tena. Leo mkopo waweza kuombwa kwa simu bila karatasi wala shahidi, kwa tarakimu nne za siri. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za mashine ziletwe mahakamani kuwa ushahidi. Mkopeshaji ataleta karatasi zilizotolewa na mashine zikionyesha saa, dakika na kiasi. Mdaiwa atasema si yeye aliyebonyeza. Na vijijini, simu ya bibi hushikwa na mjukuu anayejua kusoma, ambaye anazijua tarakimu zile nne kwa kuwa ndiye aliyemchagulia.